Mishahara na Maslahi ya Askari Polisi Unguja na Pemba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kwa askari, kwa wake na waume zao, kwa vijana wanaosubiri usaili, na kwa wazee wenye watoto jeshini, kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi na kuanzia Konde mpaka Mkoani. Mengine huulizwa barazani, mengine kwa simu usiku wakati slipu ya mshahara imetoka na hesabu haikukaa sawa. Majibu hayakulingana urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Je, askari wa kituo kikubwa cha mjini hulipwa zaidi kuliko askari wa kituo kidogo cha shamba?

Hapana. Konstebo aliyepangiwa Madema, katikati ya mji wa Unguja, na mwenzake waliyemaliza mafunzo siku moja akapangiwa Micheweni, wako katika ngazi moja ya mshahara, na mwisho wa mwezi mshahara wao wa msingi ni ule ule. Katika sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Mjini Magharibi ulihesabiwa watu 893,169 na Mkoa wa Kusini Unguja watu 195,873, yaani mmoja una zaidi ya mara nne ya mwenzake. Ni wazi kwamba mafaili, mahabusu na simu za usiku za mikoa hiyo miwili hazilingani. Hata hivyo, mshahara hauulizi kituo kina askari wangapi. Unauliza cheo cha askari, na unauliza ameshakaa miaka mingapi katika cheo hicho.

Kinachotofautiana ni matumizi. Askari wa mjini aliyekosa nyumba ya kambini hupanga Mwanakwerekwe au Kwahani, na kodi ya chumba humla sehemu nzuri ya mshahara kabla hajanunua hata mkate. Askari wa Micheweni hupata chumba kwa bei nafuu na samaki kwa jirani, lakini kila jambo lenye karatasi humtaka apande gari mpaka Wete au Chake Chake, na safari mbili tatu kwa mwezi si pesa ndogo. Ndiyo maana watu wawili wenye slipu moja hawabaki na kiasi kimoja ifikapo tarehe 15, na tofauti hiyo haimo katika slipu yoyote.

Kwa nini basi mshahara usipangwe hapa hapa Zanzibar, kwa kufuata hali ya hapa?

Kwa sababu polisi ni jambo la Muungano, limo katika orodha ya mambo ya Muungano iliyoambatanishwa na Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Jeshi ni moja, linaongozwa na Inspekta Jenerali, na liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Fedha zake hupitishwa na Bunge mjini Dodoma katika Fungu 28, yaani sehemu ya bajeti iliyotengewa Jeshi la Polisi, pamoja na mishahara ya askari walioko Kagera, Mtwara, Ziwani na Wete.

Kamishna wa Polisi Zanzibar, ambaye makao yake yako Ziwani, husimamia shughuli za Jeshi katika mikoa mitano ya Unguja na Pemba, na chini yake wako makamanda wa mikoa, wakuu wa polisi wa wilaya na wakuu wa vituo. Viongozi hawa humpangia askari lindo, humpendekeza kupandishwa cheo na humpitishia maombi ya likizo, lakini hakuna hata mmoja kati yao mwenye kalamu ya kuandika kiwango cha mshahara. Ukimwona mtu anamlaumu mkuu wa kituo kwa mshahara mdogo, jua ameugonga mlango wa jirani.

KMKM, JKU, KVZ, Zimamoto na Chuo cha Mafunzo, hao si polisi? Mbona tunasikia mishahara yao ni mingine?

Hapa ndipo penye tofauti ya kweli visiwani, na ndipo watu wengi wanapochanganya. Vikosi hivyo, yaani cha kuzuia magendo (KMKM), cha kujenga uchumi (JKU), cha valantia (KVZ), cha wazima moto na cha magereza, ni Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), zinazotokana na kifungu cha 121 cha Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984. Havimo katika Jeshi la Polisi. Mwajiri wao ni SMZ, mshahara wao hutoka katika bajeti inayojadiliwa na Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, na mambo yao ya utumishi yana tume yake. Kijana wa KMKM anayelinda bahari na askari polisi anayekagua abiria bandarini Malindi wanaweza kusimama hatua kumi mmoja kutoka kwa mwenziwe, wakalipwa na hazina mbili, kwa viwango viwili, na wakastaafu kupitia mifuko miwili.

Kwa hiyo mtu akiuliza kama ukubwa wa idara unabadilisha mshahara hapa kwetu, ni bora kwanza aulize mwajiri ni nani. Mwaka 2017 SMZ ilipopandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wake kutoka shilingi 150,000 hadi 300,000, nyongeza ile iliwafikia watumishi wa Serikali ya Mapinduzi. Askari polisi waliokuwa wakiishi nyumba ya pili na watumishi hao hawakuguswa, kwa sababu hawakuwa wa hazina ile. Wapo walioona hilo ni dharau, ingawa ulikuwa ni mpaka wa kisheria tu, na mpaka huo hukata pande zote mbili.

Tarehe 1 Mei 2025 tulisikia nyongeza ya asilimia 35.1. Je, kila askari polisi ameongezewa asilimia hiyo?

Tangazo lililotolewa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Singida lilihusu kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma wa Serikali ya Muungano, kilichopandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Asilimia 35.1 ni hesabu ya kima hicho. Ngazi za juu yake hupanda pia, lakini si kwa asilimia ile ile, kwa hiyo askari ambaye mshahara wake ulikuwa tayari juu ya kima cha chini asichukue kikokotoo akazidisha mshahara wake kwa 1.351 halafu akakopa kwa kutegemea jibu. Hili limewakuta watu.

Jamaa yangu yuko Marekani na anasema huko polisi wa mji mdogo na wa mji mkubwa hawalipwi sawa kabisa. Inakuwaje?

Anasema kweli, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo, maana video za huko zimewafanya vijana wetu kudhani kuna kitu kimoja kiitwacho polisi wa Marekani.

Marekani ina vyombo vya polisi vipatavyo 18,000. Kati ya hivyo, zaidi ya 12,000 ni idara za miji na vijiji, na karibu nusu ya idara hizo zina askari wasiozidi kumi. Hebu fikiria kila shehia ya Unguja na Pemba ingekuwa na mkuu wake wa polisi, sare zake, magari yake, na daftari lake la mishahara linalojazwa kwa kodi za majengo na biashara za shehia hiyo tu. Shehia yenye mahoteli ya ufukweni ingelipa vizuri. Shehia ya wakulima wa muhogo ingelipa kadiri ilivyojaaliwa, na pengine ingekuwa na askari wawili na mmoja wao ni wa nusu siku. Hivyo ndivyo walivyo wao. Idara ya New York ina askari zaidi ya 30,000, na katika nchi hiyo hiyo upo mji ambao polisi wake wote wanaenea katika gari moja.

Kwa mwaka 2023 takwimu za serikali yao zilionesha kwamba mshahara wa kati wa askari wa doria ulikuwa dola 72,280 kwa mwaka, maana yake nusu yao walipata zaidi na nusu walipata chini ya hapo. Lakini kiasi hicho huficha mengi. Idara kubwa huwa na ngazi nyingi za vyeo, vitengo maalumu vyenye nyongeza, malipo ya saa za ziada, na mara nyingine mfuko wake wenyewe wa pensheni. Idara ndogo hujiunga na mfuko wa jimbo pamoja na miji mingine, na vyeo vyake ni vichache hata askari akikaa miaka kumi anaweza kukosa pa kupanda. Matokeo yake ni kwamba mji mdogo humfundisha kijana kazi, kisha mji mkubwa humchukua. Ili kumshikilia, mji mdogo humpa asichoweza kupewa na mji mkubwa: gari la kazi la kurudi nalo nyumbani, zamu zinazotabirika, na kufahamiana na wananchi.

Jambo la mwisho ni vyama vya wafanyakazi. Katika majimbo mengi askari wa idara moja hukaa mezani na mji wao wakapatana mshahara, bima na likizo kwa mkataba wa miaka kadhaa, na idara kubwa kwa kawaida huwa na sauti nzito mezani. Kwetu hakuna meza hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeliacha Jeshi la Polisi nje ya mipaka yake, kwa hiyo askari hana chama cha wafanyakazi wala mgomo.

Na Uingereza?

England na Wales zina majeshi ya polisi 43, lakini ngazi za mishahara ni za nchi nzima, na wa London huongezewa posho ya kuishi London. Wao wako katikati ya mfumo wetu na ule wa Marekani: majeshi ni mengi, daftari ni moja.

Cheo kinabadilisha nini hasa katika mshahara?

Kinabadilisha karibu kila kitu. Konstebo, koplo na sajenti wako katika kundi la askari wa vyeo vya chini. Kuanzia Mkaguzi Msaidizi mtu huingia katika kundi la wakaguzi, na kuanzia Mrakibu Msaidizi huwa ofisa, mpaka kufika makamishna. Ndani ya kila cheo kuna hatua za nyongeza ya mwaka, na kupanda cheo humhamisha mtu kwenye ngazi nyingine.

Hapa ukubwa wa kituo huingia kwa mlango wa nyuma, na ni haki kulisema. Kituo kikubwa kina upelelezi, usalama barabarani, dawati la jinsia na watoto, na mashtaka, hivyo askari hupata nafasi ya kuonekana, kupelekwa kozi na kuandikiwa ripoti nzuri. Kituo chenye askari sita hakina mambo hayo, na askari wake hodari anaweza kukaa miaka pasina mtu kumjua zaidi ya mkuu wake na sheha. Mshahara wa leo ni sawa, lakini njia ya kuufikia mshahara wa kesho haikuwa na upana mmoja. Mimi ningemshauri askari wa kituo kidogo aombe kozi kwa barua, aweke nakala, na asingoje kukumbukwa.

Posho zipi askari anazistahili nje ya mshahara?

Inayojulikana zaidi ni posho ya chakula, ambayo askari wenyewe huiita resheni, na ambayo kwa konstebo ni nguzo ya nyumba, si nyongeza ya anasa. Wapo wanaoiita mshahara wa pili, na wake zao wanaijua tarehe yake kuliko wao. Zipo pia posho za safari za kikazi na malipo ya uhamisho. Sare hutolewa na Jeshi, na nyumba za kambini hutolewa kadiri zilivyopo.

Nyumba ni mahali ambapo tofauti hujionesha. Aliyepata kota Ziwani hana kodi ya mwezi na anakwenda kazini kwa miguu. Mwenziwe wa cheo kile kile aliyekosa, hata kama analipwa sawa, ana mzigo ambao mwenye kota hana. Ukilinganisha maslahi ya askari wawili, anza na paa lililo juu ya vichwa vyao kabla hujaangalia slipu.

Nimehamishwa kutoka Unguja kwenda Pemba. Nidai nini, na nifanye nini kabla ya kupanda meli?

Uhamisho unaotokana na matakwa ya kazi hulipiwa: nauli ya askari na familia yake, usafirishaji wa mizigo, na posho ya kujikimu ya siku za mwanzo. Uhamisho ulioomba mwenyewe, kwa mfano kwa ajili ya kumfuata mume au kumuuguza mzazi, hugharimiwa na mwombaji. Kwa hiyo soma barua yako ya uhamisho neno kwa neno kabla ya jambo jingine. Ikiwa ulipeleka maombi miaka miwili iliyopita ukasahau, na sasa umehamishwa kwa haja ya kazi, hakikisha barua inasema hivyo.

Niliwahi kumsindikiza shemeji yangu, koplo, alipohamia Pemba. Kulikuwa na kitanda cha samadari kilichofunguliwa vipande na kufungwa kwa kamba ya nazi, friji, mtungi wa gesi, mabunda matatu ya nguo na kabati la vyombo ambalo mkewe hakukubali liachwe. Mahamali walibeba kutoka gari mpaka bandarini Malindi, wengine wakapokea Mkoani, kisha ikakodiwa gari ya kupeleka mizigo mpaka kituo kipya. Shemeji alilipa kila mahali kwa mkono. Baada ya mwezi mmoja alipojaza madai yake, aliulizwa risiti, naye alikuwa nayo moja tu, ya meli. Hamali haandiki risiti, na dereva wa gari ya mizigo alimwambia daftari lake limekwisha. Fedha zile hazikurudi.

Tangu hapo huwaambia watu wanunue daftari la risiti la dukani, wamwandikie hamali na dereva wenyewe, waweke tarehe, kiasi, jina na namba ya simu, na wawaombe watie saini au dole gumba. Haipendezi kumsimamisha mtu jua kali kwa karatasi, lakini mhasibu hakuwepo bandarini na hana namna ya kukuamini kwa macho.

Kwa nini fedha inayoingia benki ni ndogo kuliko mshahara niliotajiwa?

Kwa sababu ya makato ya kisheria. Tuchukue mfano wa mshahara wa msingi wa shilingi 600,000, ambao umechaguliwa kwa wepesi wa hesabu na si kiwango cha cheo chochote. Mchango wa mwanachama katika mfuko wa pensheni wa PSSSF ni asilimia 5, yaani 30,000, na mwajiri huchangia asilimia 15 ambayo haitoki mfukoni mwako. Bima ya afya ya NHIF ni asilimia 3, yaani 18,000, na mwajiri naye huweka kiasi kama hicho. Kodi ya mapato hupigwa baada ya kuondoa mchango wa pensheni, kwa hiyo inahesabiwa juu ya 570,000. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kodi, 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8 ambayo ni 20,000, na 50,000 zilizobaki hutozwa asilimia 20 ambayo ni 10,000. Kodi jumla ni 30,000. Kinachobaki ni 522,000.

Aliyesoma chuo kikuu kwa mkopo wa bodi ya Muungano hukatwa tena asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo katika mfano wetu ni 90,000, na hapo hubaki 432,000. Hili huwashtua vijana wenye shahada wanaoanza kazi, maana konstebo mwenziwe wa kidato cha nne, aliyeingia naye siku moja, hupokea zaidi yake mkononi.

Kodi ninayokatwa nikiwa Zanzibar inakwenda Dodoma?

Swali zuri, na liliwahi kuwa moja ya kero za Muungano. Kodi ya mapato inayokatwa watumishi wa Muungano wanaofanya kazi Zanzibar hurejeshwa kwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kwa maneno mengine, mshahara wa askari wa Chake Chake hutoka hazina ya Muungano, lakini kodi yake husaidia skuli na hospitali za visiwani.

Naweza kukopa kiasi gani kwa dhamana ya mshahara?

Kanuni inayofuatwa katika utumishi wa umma ni kwamba makato yote yakijumlishwa yamwachie mtumishi angalau theluthi moja ya mshahara. Katika mfano wa 600,000, isibaki chini ya 200,000. Ofisi ikikataa kukupitishia fomu ya mkopo kwa sababu hiyo, haikuonei.

Wengi hapa huuliza kuhusu riba. Asiyetaka kuingia katika riba aulize dirisha la huduma za Kiislamu katika benki yake, kwa mfano lililopo Benki ya Watu wa Zanzibar, ambako benki hununua kitu na kumuuzia mteja kwa faida iliyotajwa wazi tangu mwanzo. Upo pia ushirika wa akiba na mikopo wa polisi, URA SACCOS. Usomapo mkataba wowote, angalia jumla utakayolipa mpaka mwisho na acha kuangalia makato ya mwezi peke yake, maana makato madogo ya miaka saba hufikia pazito.

Polisi jamii wa shehia analipwa?

Hana mshahara wa Jeshi la Polisi. Kazi yake ni ya kujitolea, na anachopewa na wananchi au wafanyabiashara wa eneo lake ni mapatano yao.

Nikistaafu nitapata kiasi gani? Kikokotoo ni kitu gani hasa?

Askari polisi ni mwanachama wa PSSSF, mfuko ulioanza mwaka 2018 baada ya kuunganishwa mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Ili kupata pensheni ya uzee mwanachama anatakiwa awe amechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15.

Kikokotoo ni kanuni ya kuhesabu pensheni, na hesabu yenyewe si ya uchawi. Huchukuliwa idadi ya miezi uliyochangia, ikagawanywa kwa 580, ikazidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka wa miaka mitatu iliyokuwa bora. Mtu aliyechangia miezi 360, na wastani wake ni shilingi 900,000 kwa mwezi, yaani 10,800,000 kwa mwaka, hupata pensheni ya mwaka ya takriban shilingi 6,703,000. Sehemu ya pensheni hiyo hugeuzwa mkupuo, yaani fedha inayolipwa kwa mara moja, kwa kuzidishwa mara 12.5, na sehemu iliyobaki hulipwa kila mwezi. Kwa kanuni za Julai 2022 sehemu ya mkupuo ilikuwa asilimia 33, ambayo kwa mtu wetu ni takriban 27,650,000, na pensheni yake ya mwezi takriban 374,000. Baadaye ilitangazwa kupandishwa hadi asilimia 40, na kwa kiwango hicho mkupuo wake unafika takriban 33,517,000, na pensheni ya mwezi inashuka hadi takriban 335,000.

Hapo ndipo palipozuka malalamiko, hata bungeni, kwamba askari aliyelala nje usiku miaka 30 asipewe kiinua mgongo kidogo. Nayaelewa, maana nyumba ya askari wengi hujengwa kwa fedha hiyo na si kwa mshahara. Lakini nimewaona pia waliopokea mkupuo mkubwa wa zamani, wakanunua gari ya abiria, na baada ya miaka minne wakabaki na gari juu ya mawe na pensheni isiyotosha dawa za presha. Kila mmoja ajipimie, ila ajue kwamba mkupuo ukipanda pensheni ya mwezi hushuka.

Wa vikosi vya SMZ mfuko wao ni ZSSF, ulioanzishwa mwaka 1998, nao una kanuni zake. Aliyepita kikosi cha SMZ kisha akaingia polisi asidhani miaka yake imemfuata yenyewe. Achukue taarifa ya michango kutoka mfuko wa mwanzo kabla hajasahau hata namba yake ya uanachama. Na kila mkaazi wa Zanzibar aliyefika miaka 70, awe alikuwa askari, mvuvi au mkulima wa karafuu, hupata pensheni jamii ya SMZ, iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na sasa ni 50,000.

Askari akifariki, familia ianze wapi?

Ianze kwa mkuu wa kituo au kikosi, ambaye hutoa taarifa rasmi, kisha ikusanye hati ya kifo, hati ya ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vitambulisho. Mirathi hupitia Mahakama ya Kadhi kwa familia za Kiislamu, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana husaidia katika ugawaji. Mke aliyefiwa yumo katika eda ya miezi minne na siku kumi, na si vyema kumtoa kwenda kupanga foleni. Familia imteue mtu mmoja wa kufuatilia, kaka au mtoto mkubwa, apewe nakala zote na barua ya kumtambulisha, na kazi ya karatasi ianze ndani ya muda huo badala ya kungoja umalizike.

Kinachochelewesha zaidi ni majina. Jeshini marehemu aliandikwa Hamisi, kitambulisho cha Mzanzibari kinasema Khamis, hati ya ndoa ina jina la babu ambalo slipu haina, na mtoto wa pili kaandikishwa kwa jina la utani la baba yake. Kila herufi hapo ni hati ya kiapo, na kila hati ya kiapo ni safari. Askari aliye hai anaweza kuyamaliza haya kwa asubuhi moja: atandike mkekani vyeti vyote vya nyumbani kwake, asome jina moja moja kwa sauti mkewe akifuatilia kwa kidole, na kila lisilolingana liandikwe pembeni kwa wino mwekundu ili lipelekwe kurekebishwa wiki hiyo hiyo.